Bakuli la Mvule

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa tatu kasorobo asubuhi, manyunyu yakiwa hayajakatika, Bi Mwamtoro alibisha hodi kwa Nasriya, binti wa kaka yake aliyemlea mwenyewe. Eda ilikuwa imekwisha jana yake. Alifuata bakuli la mti alilolichonga marehemu mumewe, alilomwachia Nasriya amtunzie hadi atoke ndani. Humo ndimo alimokanda mikate ya kuuza iliyomsomesha binti huyo, na kesho alikusudia kukanda tena, kwani hakuwa na riziki nyingine.

“Karibu, shangazi! Tazama nilivyoipamba sebule.”

Ukutani palipangwa miiko, vinu na vyano vya kale, vyote vimepakwa vanishi. Bi Mwamtoro akatafuta chombo chake huku na huku.

“Tazama juu, shangazi.”

Kilining'inia juu ya meza ya chakula, kimepinduliwa, waya umepenya kitakoni, balbu ikiwaka ndani.

“Umekitoboa?”

“Fundi wa umeme ndiye aliyetoboa. Kila mgeni hukisifu! Nilidhani sasa utapumzika.”

“Nani alikwambia naomba kupumzika? Nilikupa amana, Nasriya. Sikukupa pambo.”

Nasriya akakimbilia jikoni, akarudi na beseni jipya la plastiki. “Chukua hili. Na unga nitakuletea kila mwezi. Niache nilipe, shangazi.”

Bi Mwamtoro alinyoosha mkono, akaupapasa mti ule uliopata joto la taa. Ulinuka vanishi.

“Sipokei,” alisema. “Deni lako baki nalo.”