Mikono ya Shati

Fundi alisukuma komeo, akalijaribu mara mbili, ndipo akafunua kidonda. Harufu ikampanda puani, akatapikia beseni lilelile la maji ya kumuogeshea mgonjwa. Kefule! Miezi saba sasa, na tumbo lake bado halijazoea usaha.

"Mumeo ananuka mpaka sebuleni!" mama mkwe akafoka nje ya mlango. "Hebu fungua dirisha huko!"

Mumeo. Kila siku mumeo, mumeo. Mama gani huyu, anaziba pua kwa mtandio akipita mlangoni kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe? Hajawahi kumlisha hata kijiko cha supu. Kwa hilo Fundi alimchukia, jamani, mpaka wakikaa kula alikuwa anaupa ukuta uso.

Na bado ni kwa ajili ya mama huyo huyo alifunga mlango.

Maana mgonjwa yule hakuwa mumewe. Wanajeshi walimleta kwa machela, uso mzima bandeji, taya limesagika, hasemi, hajui hata yuko wapi. Wakasoma jina la mumewe kwenye kibati cha shingoni, wakachukua sahihi, wakaondoka zao. Fundi akamkumbatia mbele ya watu, akilia kwa furaha. Jioni akamvalisha shati alilomshonea mumewe kabla ya vita, na mikono ya shati ikagoma inchi tatu kabla ya kiganja. Vitani mtu hukonda. Mikono hairefuki.

Wa kwake alimlilia kimyakimya juu ya cherehani. Lakini kusema, hakusema. Mkwewe ana moyo mbovu na mtoto mmoja tu duniani. Akimwona huyu mgongo wazi, bila lile kovu la pasi iliyomwangukia mwanawe utotoni, si atakata roho palepale? Basi Fundi akameza. Akaosha uchi wa mwanamume asiyemjua, akajichukia, akatapika, akaosha tena.

Alhamisi alitoka kupeleka gauni la mteja. Njiani akakumbuka: kufuli la chumba amelisahau kwenye meza ya kushonea. Akarudi mbio, gauni begani.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe amepiga magoti kando ya kitanda, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko. Mgonjwa amelazwa kifudifudi, mgongo mtupu, hauna hata alama.

"Mama! Toka, nitamaliza mwenyewe!"

"Amejichafua. Nimwache alale humo?" Mama mkwe akakunja uso, akatema mate dirishani, akaendelea kusugua. "Ptuu! Kinyaa gani hiki! Njoo umshike upande huo."

Fundi akakaa chini sakafuni, gauni la mteja likaloa maji machafu.

"Nisamehe, mama," akasema. "Niliogopa moyo wako."

Mama mkwe akasuuza kitambaa, akakikamua bila kugeuka.

"Mimi walipomshusha tu kwenye gari nilijua si wangu," akasema. "Ila ulivyokuwa umemng'ang'ania, nikajiuliza, nani atamwambia huyu mtoto?"