Ng'ombe Asiyelala

Wiki nzima hakuna aliyemwona ng'ombe mdogo wa Tusajigwe amelala. Asubuhi amesimama, jioni amesimama, miguu ndani ya kinyesi, kichwa kwenye kona, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

"Amerogwa huyo," alisema jirani.

"Ng'ombe?" alijibu Tusajigwe. "Nani ana muda huo?"

Akampigia simu daktari wa mifugo.

Tusajigwe alikuwa mjane wa kijijini Ndandalo, Kyela, mwenye migomba, kakao, na ng'ombe watatu wa maziwa waliobanana kwenye banda ambalo marehemu mumewe alimjengea ng'ombe mmoja. Yeye mwenyewe aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili pamoja na Wilson, mwanawe wa pekee, na Atupele, mke wa Wilson. Ukuta kati ya vyumba haukufika juu. Kila usiku Tusajigwe aliuliza kutoka kitandani kwake kama banda limefungwa, na Wilson alijibu kutoka kitandani kwake kwamba limefungwa. Mchana Tusajigwe alikaa jikoni, akimtazama Atupele anavyopika na kumwongezea chumvi. Atupele alikula mwisho, kidogo, karibu na mlango.

Ndoa ilikuwa na miaka minne na mtoto hajapatikana. Tusajigwe alishatamka kwamba mpunga ukivunwa Atupele atarudi kwao, Wilson atafutiwe mwingine. Aliyasema hayo jikoni, kwa sauti ya kawaida, Atupele akimenya ndizi. Atupele aliendelea kumenya.

Daktari wa mifugo, Nasma, alikuja na pikipiki kutoka mjini. "Ugonile, mama," alisalimu, akavaa mabuti, akaingia bandani na kusimama humo muda mrefu akitazama tu.

"Huyu mdogo mmeshampandisha?"

"Sana," alisema Wilson. "Dume tumeleta, sindano tumechoma. Hashiki."

"Na huyu mkubwa?"

"Huyo hana shida," alisema Tusajigwe kwa fahari. "Huyo ndiye mama wa banda."

"Naona. Ndiye shida yenyewe."

Tusajigwe alimgeukia.

"Wala si mkorofi," aliendelea Nasma. "Nafasi ndiyo hakuna. Mkubwa akigeuka tu, mdogo anakwepa. Akifuata majani, mkubwa yupo. Akitaka kulala, hana pa kujinyoosha. Hashibi, hapumziki, kwato zimeanza kuoza, kiwele kinamuuma. Mwili unaoishi kwa woga haushiki mimba, mama. Mtachoma sindano mpaka mchoke."

"Tukimwondoa huyu mdogo, tukaleta mwingine?"

"Huyo mwingine mtamweka wapi?"

Tusajigwe alilitazama banda. "Humo humo."

"Basi mtaniita tena."

"Ndaga," alishukuru Tusajigwe, akaingia ndani bila kumsindikiza mgeni. Hilo halikuwa kawaida yake.

Kesho yake alimwamsha Wilson mapema, akampeleka upande wa pili wa kakao. "Kata migomba hii. Tunajenga banda."

Wilson alishika panga, akaanza kukata. Mwaka uliopita aliomba mahali pale pale ajenge chumba chake na mkewe. Mama yake alimjibu kwamba migomba haikatwi ovyo.

Atupele alisomba maji ya kuchanganyia saruji. Tusajigwe alitaka msingi uinuliwe, maana Kyela ikiamua kunyesha inanyesha. Alitaka dirisha kubwa. Alitaka sakafu ilainishwe kabisa. Fundi Sylvester aliuliza kama ng'ombe hatateleza.

"Wewe jenga," alisema Tusajigwe.

"Bora ningezaliwa ng'ombe," Atupele alimwambia mumewe walipokuwa mtoni. Wilson aliangalia ndoo. Kisha akaiinua, akamtwika.

Mpunga ulipoanza kuiva, Atupele alikunja kanga zake na kuzitia kwenye begi, ili siku ikifika asimcheleweshe mtu. Wilson aliliona begi. Alichukua suruali zake mbili, akazikunja vizuri, akazitia humo humo.

Banda lilikauka mwishoni mwa juma. "Jumapili mkitoka kanisani, mtoeni yule mkubwa mmpeleke kule," aliagiza Tusajigwe. Yeye kanisani hakwenda. Alisema magoti yanamsumbua.

Waliporudi hawakumkuta nyumbani. Wilson alimfungua ng'ombe mkubwa, Atupele akafuata nyuma na fimbo. Nyuma yao, ng'ombe mdogo alimpita yule wa tatu, akazunguka banda zima mara moja, akanusa kila kona, halafu akakunja magoti na kulala.

Atupele alisimama akamtazama. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga na kumfuata mumewe kupita kwenye kakao.

Mlango wa banda jipya ulikuwa umefungwa kwa ndani. Wilson aliusukuma, ukagoma. Akasita, akajiona mjinga, lakini akabisha.

"Hodi?"

"Karibuni," ilijibu sauti ya mama yake, na komeo likavutwa.

Ndani kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, na chandarua kimeshaning'inizwa juu yake. Tusajigwe alirudi kwenye kigoda chake chini ya dirisha, akaokota kisu na ndizi aliyokuwa akiimenya.

"Huyo mpelekeni Ngana kwa kaka yangu, ana zizi kubwa na anamsubiri," alisema bila kuinua macho. "Hapa nimeshahamia mimi. Na wewe, Atupele, usinipikie. Nina jiko langu."