Pedali ya Kushoto

Karani alileta barua: baiskeli ya marehemu irudishwe zahanati ikiwa katika hali ileile aliyokabidhiwa.

"Miaka kumi na moja mke wangu ameizungusha nyumba kwa nyumba akichanja watoto," fundi wa baiskeli alisema. "Hamkuleta hata spoku moja. Leo kazikwa, ndiyo mnaikumbuka."

"Mzee wangu, mimi nimetumwa tu."

"Wote mnatumwa. Anayetuma ndiye sijapata kumwona."

Alisema bila kupaza sauti, kama anayesoma bei ya sabuni. Rimu alikwisha kuzisugua kwa jivu na msasa mpaka zikang'aa. Keria kaipaka rangi. Kengele inalia.

Karani akaizunguka, akachuchumaa, akagusa pedali ya kushoto. Mpira wake ulikuwa umelika katikati, umeacha bonde jembamba la unyayo. Mguu wa kulia wa marehemu ulikuwa mbovu. Milima yote aliipanda kwa ule mwingine.

"Hii imekwisha. Badilisha."

Fundi akachukua spana, akaizungusha kinyume kama pedali za kushoto zinavyotaka, akafunga mpya. Ya zamani akaitia kwenye mfuko wa koti la kazi bila kuifuta.

"Hiyo nayo ni mali ya zahanati, mzee," karani akasema taratibu. "Iko kwenye orodha. Sasa niandike nini?"

Mfuko ulikuwa umevutwa chini kwa uzito. Fundi akamsukumia baiskeli.

"Andika tumemzika nayo."

Karani akautazama mfuko, kisha akafungua kalamu.