Maneno ya Kumpokea Mkwe

"Usilimeze neno zima, mama. Likate," alisema Mwalimu Othmar, akipanga punje tatu za kahawa mezani, kila silabi na yake. "Bien. Ve. Nue. Karibu."

Eliza aligusa punje moja moja kwa kidole. "Bien. Ve. Nue."

Alikuwa amepanda gari alfajiri kutoka Kihagara, kule ziwani, kuja Mbinga kumpokea mke wa mwanawe, Dastan. Mkwe mwenyewe ni wa Kinshasa, Kifaransa na Kilingala tu. Kiswahili hana hata cha kuombea maji. Basi lake la kutoka Songea lingeingia alasiri. Pale stendi Eliza aliulizia mtu anayejua Kifaransa, wakamwelekeza kwa mzee aliyefundisha Kilatini seminari mpaka Kilatini chenyewe kikakosa wanafunzi.

Na mzee alikuwa amefurahi, asikudanganye mtu. Tangu afiwe na mkewe Hildegardi, waliompigia hodi walikuwa wauza mboga. Leo amepata mwanafunzi, basi hata koti alikuwa amevaa, na jua lote lile.

"Kifaransa ni mtoto wa Kilatini," alisema, akijisikia kweli kweli. "Ukishamjua mama, mtoto hakusumbui. Bene, vema. Venire, kuja. Umekuja vema. Umeona?"

"Nimeona, mwalimu. Nipe 'keti'."

"As-sieds-toi. Mzizi wake sedere, kukaa."

"Na 'mwanangu', wa kike."

"Ma fille. Kwa Kilatini, filia. Punje mbili tu hizi."

Eliza alikuwa mwepesi wa kushika. Kila neno lililokubali ulimi, alizizoa punje zake na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Ila sauti ilimkauka, na macho yalikuwa mekundu. Usingizi wa safari, Othmar alijisemea. Chai aliipokea kwa mikono miwili, akaiacha ikapoa. Mama mkwe ana wasiwasi, na ana haki yake. Mama yake Othmar mwenyewe alivunja kikombe siku Hildegardi alipoletwa nyumbani.

"Huko nyumbani mmejiandaa?" aliuliza.

"Turubai limefungwa jana. Viti na masufuria tumeazima kanisani. Kwaya wapo, na ndugu wa Lituhi wamelala kwangu."

"Shughuli pevu hiyo. Na ile nyumba uliyosema Dastan amerudi kuwajengea, imeisha?"

"Bado. Leo mafundi wana kazi nyingine."

"Sasa bwana mkubwa Dastan ameshindwa kuja stendi mwenyewe? Kijana gani huyu wa kumtuma mama yake?"

Eliza alizitazama punje. "Nipe 'jipe moyo'," akasema.

Othmar akacheka. "Mtamtisha mtoto wa watu, mama Dastan. Haya. Courage. Cou-rage. Ile e ya mwisho wanaiandika tu, hawaitamki. Mzizi ni cor, moyo. Neno zima limebeba moyo ndani yake."

Hilo lilimtesa Eliza kuliko mengine. Alilisema likakwama, akalisema tena likakwama, mpaka akafumba macho, na hapo likatoka safi. Othmar akampigia makofi, kama alivyozoea kuwapigia vijana wake zamani.

"Mimi nakusindikiza," alisema. "Nitasimama pembeni nikutafsirie, usijisumbue."

"Hapana, mwalimu. Asante. Kwetu jambo hili halisemwi na mtu wa pembeni. Hata kwenye simu tulikataa, tukaomba mtu amwandikie aje tu haraka. Atalisikia kwa kinywa changu, akiwa ameketi, nimemshika mikono. Nikikosea neno akabaki ananishangaa, sijui nitamwambia nini tena."

Maneno hayo yalimgusa Othmar. Siku hizi mkwe anakaribishwa kwa ujumbe wa simu, na huyu mama ametoka ziwani gizani ajifunze lugha ya watu kwa mchana mmoja. Binti wa Kinshasa amepata mama.

"Basi tumalize," alisema, akapanga punje nne kwa mstari. "Ton ma-ri. Mume wako. Maritus. Halafu est, yaani ni, au yu. Ton mari est. Hapo mbele unaweka hali yake. Yu vipi? Amechoka? Ana furaha?"

"Pawe wazi kwanza," alisema Eliza. "Tutapajaza basi likifika."

Othmar akaacha nafasi mwishoni mwa mstari. Wakarudia yote tangu mwanzo. Karibu. Mwanangu. Keti. Jipe moyo. Mume wako yu. Kila walipofika pale, Eliza alinyamaza, na mzee akamwacha, maana mwanafunzi mzuri hasukumwi. Moyo ulikuwa unamuuma kwamba somo linakwisha na nyumba itarudi kuwa kimya.

"Siku moja umlete hapa," alisema. "Tuongee Kifaransa, ulimi wangu usiote kutu."

"Akitaka, nitamleta."

Honi ikalia upande wa stendi, ndefu. Eliza akasimama, akaikaza kanga kiunoni kwa mafundo mawili. Kidole chake kikashuka kwenye ile nafasi iliyobaki wazi mezani.

"Sasa nipe la mwisho, mwalimu. 'Amekufa' lina punje ngapi?"

Mzee akachukua punje na kuisogeza taratibu mpaka pale kwenye kidole cha Eliza.

"Mort," alisema. "Moja tu, mama. Hili halikatiki."