Ubao wa Magoti

Fundi Ladislaus aliitwa kanisani kuuranda ubao wa kupigia magoti mbele ya altare. Ulikuwepo kabla ya mji wenyewe, na magoti ya waumini yalikuwa yameuchimba vishimo viwili viwili. Paroko alitaka usawazishwe kabla ya Jumapili.

"Hapo mwisho paache, fundi," alisema Skolastika, mtunza kanisa. "Ni pa magoti ya mama yangu. Kaburi lake sijui liliko. Nina hapo tu."

"Nimeambiwa ubao wote, dada."

Skolastika alikwenda kukaa benchi la nyuma, akawa anatazama.

Randa ilikwenda vizuri mpaka ilipofika mwisho wa ubao; hapo ikakwama. Ladislaus alinoa kisu cha randa, akajaribu tena, ikakwama. Alipoupapasa ubao kutafuta msumari, aliukuta una joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Akapiga magoti achungulie kwa karibu; Skolastika alikuwa bado benchi la nyuma. Ndipo aliposikia, ubavuni pake, mtu akivuta pumzi taratibu na kunong'ona rozari.

Ladislaus aliiweka randa chini. Kisha, bila kugeuza kichwa, akasogea kidogo kumpa nafasi.