Jembe la Bibi Nyamizi

Kwa mkataba wa Jumuiya, jenerali yeyote anayetwaa nchi kwa bunduki humtoa mama yake akae nchi jirani mpaka siku wananchi watakapopiga kura. Ndivyo Bibi Nyamizi alivyofika nyumbani kwa Sikudhani, mshona nguo wa mpakani, na sanduku la bati na picha ya mwanawe alipokuwa kibogoyo wa miaka saba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikudhani hakumpa. Mwaka wa tano sasa, kila mara bibi akishika hata ufagio, yeye humpokonya: "Pumzika, mama. Wewe ni mtu wa kuondoka kesho."

Kila mwezi afisa wa Jumuiya huja kumpiga picha ya kumpelekea jenerali. "Usitabasamu, bibi," humwambia. "Akuone unavyoteseka, moyo umlainike."

Jumatatu moja redio ilitangaza kuwa jenerali ameahirisha uchaguzi, mara ya saba hiyo. Mchana afisa akaja na kamera yake. Bibi Nyamizi aliketi kwenye kigoda, na safari hii hakuhitaji kukumbushwa.

Afisa alipoondoka, bibi alisimama uani akayatazama mawingu ya vuli.

"Mwanangu," alimwambia Sikudhani, "mvua hizo zinakuja. Nipe jembe."

Sikudhani akaenda kulitoa uvunguni. Alikuwa amelinunua ile siku ya tatu, akalificha, akimwomba Mungu lisihitajike.