Simba wa Kwenye Noti

"Za dada zinatosha kiwanja," mbadilisha pesa alisema. "Zako, kaka, labda kilo ya sukari."

Nilidhani ananitania. Baba alitugawia sawasawa tukiwa wadogo: mmoja bunda la pesa zetu, mwingine bunda la pesa za nchi jirani. Enzi zile noti yetu moja ilibadilishwa kwa yao moja. Yote aliyafunga kwa uzi uleule wa bluu, akatukataza kuyagusa mpaka tukue.

"Kumbe alikupendelea?" nilimuuliza dada.

Alimtazama simba aliyechorwa kwenye noti yangu, pesa ya kwetu.

"Za jirani alikupa wewe," alisema taratibu. "Ulimlilia huyo simba siku nzima, nikakubali tubadilishane."

Nikatazama bunda lake, kisha langu.

"Haya," mbadilisha pesa akasema, akilamba kidole, "hizi za kiwanja namhesabia nani?"